Wasomaji Wanauliza: Mgonjwa Wangu Yuko Chini ya Muuguzi Gani?

Tangu tulipochapisha makala kuhusu msongamano wa wagonjwa wodini, wasomaji wengi wametuandikia kutaka kujua kazi ya uuguzi hupangwaje, nani humpangia nani, na ndugu wa mgonjwa ana nafasi gani katika mpangilio huo. Tumechagua barua tano. Anayejibu ni muuguzi mstaafu aliyewahi kusimamia wodi za wagonjwa wa ndani.

Shikamoo Mama. Baba yangu alilazwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa baada ya kupatwa na kiharusi. Sina malalamiko juu ya dawa wala vipimo. Kilichonisumbua ni kwamba kila baada ya muda alikuja muuguzi mwingine: mmoja alipima presha na joto akaondoka, wa pili alikuja na toroli ya dawa, wa tatu alibadilisha dripu, na kila nilipouliza baba anaendeleaje niliambiwa nimuulize mwenzake au nimsubiri daktari. Mchana ule niliwaona wauguzi wanne wodini, lakini niliondoka nikiona kana kwamba baba hana muuguzi hata mmoja. Je, huo ni uzembe, au ndivyo kazi inavyopangwa? (Binti, Tanga)

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Ulichokieleza ni utaratibu unaojulikana vizuri katika taaluma yetu, nao huitwa mgawanyo wa kazi kwa kazi. Msimamizi wa wodi anapopanga zamu, hamgawii muuguzi wagonjwa, humgawia shughuli. Mmoja anatoa dawa kwa wodi nzima, mwingine anapima joto, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu kwa wote, mwingine anafunga vidonda, na mwingine anapokea wagonjwa wapya na kuwaandalia karatasi wanaoruhusiwa kurudi nyumbani. Utaratibu huu ulishamiri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wauguzi waliosomea walipokuwa wachache na wasaidizi wengi, kwa sababu mtu anayerudia shughuli moja huifanya haraka na huhitaji mafunzo mafupi. Wodi yenye wagonjwa thelathini inaweza kugawiwa dawa zote kwa muda mfupi kuliko katika utaratibu mwingine wowote, na kwa msimamizi mwenye watumishi wachache hilo si jambo dogo.

Kasoro yake ni hiyo uliyoigusa. Tuchukue mfano wa mgonjwa kama baba yako. Muuguzi wa vipimo anakuta presha imefika 190 kwa 110, anaiandika kwenye chati iliyoko miguuni pa kitanda, kisha anaendelea na kitanda kinachofuata kwa sababu bado ana wagonjwa ishirini. Baada ya saa moja anapita muuguzi wa dawa, ambaye macho yake yako kwenye karatasi ya dawa. Anampa mgonjwa kidonge cha presha, mgonjwa anakohoa na kukitema, muuguzi anaandika kwamba dawa imekataliwa. Jioni anakuja wa vidonda, anaona wekundu kwenye nyonga na kuupaka mafuta. Kila mmoja ametimiza alichotumwa na ameandika kwa uaminifu, lakini hakuna aliyezikusanya habari hizo tatu na kujiuliza kama mzee huyu bado anaweza kumeza, kama dawa zake zinaingia mwilini kweli, na kama kuna anayemgeuza.

Wauguzi wenyewe waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1953, Eleanor Lambertsen wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alieleza mpango wa uuguzi wa timu, ambapo wodi hugawanywa pande mbili au tatu na kila upande hupewa timu inayoongozwa na muuguzi mwenye elimu ya juu zaidi, huku walio chini yake wakimrudishia taarifa za wagonjwa wa upande ule tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Marie Manthey na wenzake walikwenda mbali zaidi. Kila mgonjwa alipangiwa muuguzi mmoja anayewajibika kwa mpango wake wa huduma tangu siku ya kulazwa hadi anaporuhusiwa, na muuguzi huyo anapokuwa nje ya zamu wenzake hufuata mpango aliouandika. Uko pia utaratibu wa zamani kuliko yote hiyo, wa muuguzi kumfanyia mgonjwa wake kila kitu kwa zamu nzima, ambao leo unaonekana zaidi katika vyumba vya uangalizi maalumu, ambako mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia hawezi kuachiwa watu wanne wanaopita.

Katika hospitali zetu taratibu hizi huchanganyika. Chumba cha uangalizi maalumu kina mpango wake, na chumba cha kujifungulia kina wake, kwa kuwa mkunga anayejaza patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu, ya mama mmoja hawezi kumkabidhi mwenzake kila nusu saa. Katika wodi za kawaida, kazi kwa kazi ndiyo inayotawala. Mimi naamini utaratibu huo umezaliwa na upungufu wa watumishi, lakini unaendelea kuishi kwa mazoea hata pale upungufu unapolegea. Wauguzi wanne uliowaona wangeweza kugawana wagonjwa thelathini, kila mmoja saba au wanane, na ungepata jibu la swali lako kutoka kwa mtu mmoja.

Nikujibu pia kuhusu baba mwenyewe. Mgonjwa wa kiharusi ndiye anayeonyesha vizuri kuliko wengi tofauti kati ya kazi ya daktari na yetu. Daktari anatibu kiharusi. Kama mgonjwa atakula bila chakula kuingia kwenye njia ya hewa, kama ngozi yake itabaki nzima, kama mkono uliopooza hautakakamaa, kama mpira wa mkojo utatolewa mapema kabla haujaleta maambukizi, hayo yako mikononi mwa wauguzi. Muuguzi hutakiwa kumtathmini mgonjwa, kutaja tatizo la kiuuguzi analoliona, kuandika mpango, kuutekeleza, kisha kurudi kutazama kama umefaulu, na yote hayo yawe kwenye faili. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili, na ugeuzaji huo huandikwa pamoja na upande aliolazwa, kwa maana kisichoandikwa zamu inayofuata haitakijua. Kabla ya kulishwa chochote hupimwa uwezo wa kumeza. Ndugu wanaoleta uji kwa upendo na kumnywesha mgonjwa akiwa amelala chali wanaweza kumsababishia homa ya mapafu ndani ya siku chache. Mgonjwa aketishwe wima, na abaki ameketi kwa nusu saa hivi baada ya kula.

Ukiuguza tena, usimwulize kila anayepita. Mtafute msimamizi wa wodi baada ya makabidhiano ya zamu ya asubuhi, umsalimie, umwulize ni muuguzi gani amepangiwa upande aliolala mgonjwa wako. Katika wodi yenye mgawanyo wa kazi kwa kazi swali hilo humlazimisha kutaja mtu, na mara nyingi mtu huyo akishatajwa huanza kumfuatilia mgonjwa kwa namna nyingine.

Nililazwa kwa upasuaji wa henia. Usiku tulikuwa wagonjwa karibu arobaini na muuguzi mmoja pamoja na mhudumu mmoja. Je, hakuna sheria inayosema muuguzi ahudumie wagonjwa wangapi? Na kwa nini tunaamshwa saa kumi na moja alfajiri kupimwa joto wakati ndiyo kwanza usingizi umekuja? (Ndugu wa Shinyanga)

Ndugu yangu, kwetu kuna ikama, yaani idadi ya watumishi wa kila kada wanaotakiwa katika zahanati, kituo cha afya au hospitali ya ngazi fulani. Ikama inakihesabu kituo kizima, haimwambii msimamizi kwamba usiku wa leo kila muuguzi asizidishe wagonjwa kadhaa. Zipo sehemu ambako sheria imefika hapo. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 1999, ikaanza kutumika hospitalini mwaka 2004, na kiwango chake kwa wodi za kawaida za magonjwa na upasuaji sasa ni muuguzi mmoja kwa wagonjwa wasiozidi watano, na kwa chumba cha uangalizi maalumu wasiozidi wawili.

Idadi hizo zina uzito. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa wa upasuaji katika hospitali 168 za Pennsylvania, wakaona kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Hospitali zile si zetu, na wagonjwa wao walihesabiwa kwa muuguzi kuanzia wanne hadi wanane. Wagonjwa arobaini hawakuwamo kabisa katika hesabu yao, na mimi sidhani kama kuna anayehitaji utafiti mwingine ili ajue kwamba mtu mmoja hawezi kuwaangalia.

Kwa hiyo anayebaki peke yake usiku huchagua. Muuguzi mzuri akishapokea zamu hupita kitanda kwa kitanda na mwenzake anayeondoka, akiwa na kalamu, na kabla hajamaliza safu ya pili ameshajua ni nani watano au sita watakaomkosesha utulivu: aliyetoka chumba cha upasuaji jioni, mwenye damu inayoendelea kuongezwa, mwenye pumu, mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Hao husogezwa karibu na meza ya wauguzi, hata ikibidi kuhamisha vitanda, na hutazamwa mara kwa mara. Wewe uliyefanyiwa upasuaji wa henia ukaamka vizuri, ukanywa maji na kukojoa, uliwekwa katika kundi la wanaoweza kusubiri. Kutomwona muuguzi kwa saa tatu kunaweza kuwa na maana kwamba kuna aliyekuona wewe ni mzima kuliko wengine. Akizidiwa, ana haki na wajibu wa kumpigia msimamizi wa zamu wa hospitali nzima aombe mtu kutoka wodi yenye nafuu. Wengi hawapigi, kwa kuwa wanajua watajibiwa kwamba hakuna mtu.

Kuhusu saa kumi na moja, hesabu yake hii hapa. Dawa za mara nne kwa siku huangukia saa kumi na mbili asubuhi, wagonjwa ni arobaini, na vipimo vyote vinatakiwa viwe vimeandikwa kabla zamu ya asubuhi haijaingia, ili daktari anapoanza raundi akute takwimu za alfajiri. Mtu mmoja akianza saa kumi na mbili hamalizi. Ukimweleza mapema kwamba hukulala kwa maumivu, anaweza kukuweka mwisho wa mzunguko, lakini kwanza mwambie hayo maumivu.

Dripu ya mdogo wangu ilikuwa inadondoka taratibu mno, nikaifungua kidogo ili imalizike mapema. Sista alinifokea mbele ya wodi nzima. Je, ilikuwa haki? (Kaka mtu, Morogoro)

Kufokewa hadharani hakukuwa haki, na maadili yetu hayaruhusu. Kuhusu dripu, sista alikuwa na sababu.

Kasi ya dripu ni sehemu ya dawa. Ikiandikwa kwamba mililita 500 ziingie kwa saa nne, muuguzi hugawanya na kupata mililita 125 kwa saa. Mpira wa kawaida unaotoa matone 20 kwa kila mililita utahitaji takribani matone 42 kwa dakika, naye husimama pale na saa ya mkononi akihesabu huku akizungusha kile kigurudumu ulichokigusa. Kukizungusha robo tu kunaweza kuzidisha kasi mara mbili. Kwa kijana mwenye afya aliyeishiwa maji huenda lisitokee lolote. Kwa mtoto mdogo, kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, kwa mgonjwa wa moyo au wa figo, maji yanayoingia haraka huweza kujaa kwenye mapafu. Na kama ndani ya chupa ile kulikuwa na dawa ya potasiamu iliyochanganywa, kasi inaweza kuusimamisha moyo. Wewe unayeiangalia chupa kutoka nje huwezi kujua kilichomo.

Dripu iliyopungua kasi au kusimama ina sababu nyingine pia: mkono umekunjwa, kanula (kile kijimpira kinachoingizwa kwenye mshipa) imeziba, au imetoka kwenye mshipa na maji yanajaa chini ya ngozi. Ukiona mkono umevimba au unauma pale kanula ilipo, mwite muuguzi mara moja.

Ukifika wodini wengi wamevaa sare na wote tunawaita sista au nesi. Nitajuaje nani ni muuguzi, nani ni mwanafunzi na nani ni mhudumu? Na kwa nini ndugu tunaambiwa tuwaoshe na kuwalisha wagonjwa wetu, halafu daktari akija tunatolewa nje? (Mama watoto, Dodoma)

Muuguzi ni mtu aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na mwenye leseni hai, kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Anaweza kuwa na cheti, stashahada, shahada au zaidi. Mwanafunzi anaruhusiwa kumhudumia mgonjwa akiwa chini ya usimamizi, na unaweza kumwomba amwite msimamizi wake kabla hajachoma sindano. Mhudumu wa afya husafisha, husukuma machela, husaidia kumgeuza na kumlisha mgonjwa, lakini hatoi dawa. Tazama kitambulisho kifuani, na kama hakipo, uliza kwa heshima. Hakuna anayestahili kukasirika kwa swali hilo.

Suala la kuosha lina pande mbili, mama. Ndugu wamekuwa mikono ya ziada ya wodi zetu kwa miaka mingi, na wagonjwa wengi hujisikia vizuri zaidi wakioshwa na watu wao. Ila muuguzi anayemwosha mgonjwa wakati huohuo anamchunguza: anaiona ngozi ya mgongoni, anasikia pumzi, anagundua mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, anamsikia mgonjwa akisema alichomficha daktari. Shughuli hiyo ikiachwa yote kwa ndugu, uchunguzi huo hupotea na hakuna anayejua kwamba umepotea. Ningependa muuguzi aoshe pamoja nanyi angalau siku ya kwanza, awaonyeshe jinsi ya kumgeuza, awaambie mnatakiwa kumwita mkiona nini. Ndugu aliyefundishwa ana thamani kubwa. Huduma ya kangaruu, ambapo mtoto njiti hufungwa ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama yake, ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa sababu hospitali ilikuwa imezidiwa na mashine za joto hazikutosha. Leo inatumika pia hospitali zisizo na upungufu wa mashine, kwa kuwa imethibitika kuokoa watoto.

Kutolewa nje wakati wa raundi hasa ni kwa ajili ya siri za wagonjwa wengine, kwani vitanda vimekaribiana na maelezo husikika. Mgonjwa wako akitaka uwepo zamu yake inapofika, mwombe msimamizi wa wodi akuite. Kwa mgonjwa asiyeweza kusema, mimi ningekuita bila kuombwa.

Mimi ni muuguzi msimamizi wa wodi katika kituo cha afya. Asubuhi ninakuwa na wauguzi watatu, vitanda kumi na sita, na chumba cha kujifungulia ambacho hakitabiriki. Ningependa kuacha mgawanyo wa kazi kwa kazi, lakini wenzangu wanasema kwa idadi yetu haiwezekani. Nianzie wapi? (Muuguzi, Mtwara)

Mdogo wangu, wenzako wana hoja moja ya kweli, nayo ni chumba cha kujifungulia. Mpange mmoja huko tangu asubuhi, na usimhesabu kabisa wodini. Wawili waliobaki wagawane vitanda, cha kwanza hadi cha nane na cha tisa hadi cha kumi na sita, kisha utazame uzito wa wagonjwa. Kama wote wenye hali mbaya wamelala upande mmoja, mpe huyo vitanda sita na mwenzake kumi. Kugawa kwa idadi peke yake huzaa manung'uniko ndani ya siku chache.

Si lazima uvunje kila kitu. Dawa zinazofungiwa kabatini zinaweza kuendelea kushikwa na mtu mmoja mwenye ufunguo, na usafishaji wa vifaa pia. Kinachotakiwa kubadilika ni kwamba vipimo, dawa za kawaida, vidonda na maelezo kwa ndugu vya mgonjwa mmoja vifanywe na muuguzi mmoja kwa zamu hiyo, na jina lake liandikwe ubaoni mbele ya namba za vitanda, mahali ambapo ndugu wataliona. Hapo ndipo utakapopata upinzani, kwa sababu jina likiwa ubaoni lawama nayo ina anwani. Anza kwa kuandika lako.

Kisha yaondoe makabidhiano mezani, uyapeleke vitandani. Kukabidhiana kwa kusoma daftari hufanya kila mgonjwa awe "hali yake inaridhisha". Mkisimama mbele ya kitanda mtaona chupa imekwisha, kanula ina siku nne, shuka limelowa, na mgonjwa mwenyewe atawasahihisha. Ili msichukue saa nzima, kila anayekabidhi aseme mambo manne kwa mpangilio uleule: shida iliyopo sasa, historia fupi, anavyomwona mgonjwa, na anachopendekeza kifanyike. Mpangilio huo ulitoka katika jeshi la majini la Marekani kabla haujaingia hospitalini, na unafaa vizuri pia kwenye simu unapomwita mganga usiku. Mambo ya siri, kama majibu ya kipimo cha VVU, yabaki ya kuzungumzwa pembeni.

Zikija akina mama wawili wa kujifungua kwa wakati mmoja, mmoja wa wauguzi wako wa wodi ataondoka. Amueni mapema ni nani, na wakati wa kuondoka amtajie mwenzake kwa sauti wagonjwa wawili anaowahofia zaidi kabla hajavaa aproni.